Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Fedha za Chama

Ndugu wanachama,

Taarifa ya mweka hazina mnayo mikononi, pamoja na jedwali la miaka 5. Naomba tuanze na jedwali, kwa sababu salio la benki peke yake halionyeshi kama chama ni kizima.

Fedha nyingi zilizomo benki zina masharti. Mfadhili amezitoa kwa kazi maalumu, na tukizitumia kulipia pango tutadaiwa. Kinachotuhusu ni akiba huru: chukua salio, toa fedha za miradi, toa madeni, kisha gawanya kwa matumizi ya kawaida ya mwezi. Kwa mfano, chama chenye 2,400,000 benki, 1,300,000 zikiwa za mradi na 200,000 deni, kinabaki na 900,000. Kikitumia 300,000 kwa mwezi, kinaweza kujiendesha miezi 3 tu. Miezi hiyo ikipungua mwaka hadi mwaka, chama kinadhoofika hata kama salio linapanda.

Ziada na nakisi nazo hupotosha. Ruzuku ikiingia Desemba kwa kazi ya mwaka unaofuata, daftari la fedha taslimu, linaloandika fedha siku zinapoingia au kutoka, litaonyesha ziada kubwa mwaka huu na nakisi mwakani, ilhali uwezo wetu ni uleule. Someni miaka 3 kwa pamoja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni gharama za uendeshaji. Andiko la mradi, yaani ombi letu la fedha kwa mfadhili, likiacha nje pango, ukaguzi wa hesabu na muda wa mhasibu, gharama hizo zitalipwa na ada zenu, tena bila mtu kutangaza. Mradi wa namna hiyo kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyomaliza akiba haraka. Ni heri tuukatae.

Kompyuta itakayotumika miaka 4 itengewe 1/48 ya bei yake kila mwezi, ili ikiharibika tusikimbilie fedha za mfadhili.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo matatu. Kila andiko la mradi liwe na fungu la uendeshaji. Malimbikizo ya ada ambazo wanachama hawajalipa, yakizidi miezi 12, yasihesabiwe tena kuwa mali ya chama. Na daftari lilinganishwe na taarifa ya benki kila mwezi, kazi hiyo ifanywe na mtu asiyetia saini hundi. Tofauti ikiachwa nusu mwaka, stakabadhi huwa zimepotea na hakuna anayekumbuka malipo yalikuwa ya nini.

Mwenyekiti