Tatu, kaangalie mwembe wako leo leo

Shoga yangu,

Za siku, hamjambo huko Kibaha? Sisi wazima, kifua cha Junior kimepona, baba yake yupo anakusalimia. Najua umeninunia, tangu arobaini ya bibi sijakutafuta, hilo tutalimaliza tukionana maana nina langu pia. Leo nina la mwembe.

Unaikumbuka ile miche miwili tuliyonunua barabarani, ukabembeleza bei mpaka yule kaka akacheka? Wangu ulitaka kufa shoga. Mwezi wa nane wote majani yananing'inia kama nguo iliyosahaulika kambani, mi nikajua kiu, namwagia kopo asubuhi kopo jioni, wapi. Mama Zuu kapita kasema jicho. Jicho gani, mti wenyewe haunifiki kiunoni, na mbuzi wake ndo wa kwanza kuutamani!

Jumapili moja shem Hamisi kaja, hata chai hajanywa kachuchumaa pale kaanza kunisema. Samadi niliyochukua kwa muuza maziwa ilikuwa bado mbichi, ya moto kabisa, na mimi nimeirundika mpaka shinani. Akaivuta yote akasema nitandaze majani makavu, ila niache kama shubiri moja kutoka kwenye shina, yakigusa gome linaoza na mchwa nao unapata pa kupandia. Kopo langu alilicheka mpaka nikaona aibu, eti nalowesha vumbi tu, mizizi inabaki juu juu haishuki. Siku hizi naupa ndoo nzima mara mbili kwa wiki, pole pole, na nimeuzungushia kingo ya udongo maji yasikimbie.

Ila kilichonifanya nikuandikie ni ule utepe. Ule wa nailoni pale walipoubebesha, yaani walipounga kitawi cha dodo kwenye shina jingine, si tuliuacha? Mi nilidhani ndo unaushikilia usikatike. Kumbe shina limenenepa utepe haulegei, umezama ndani ya gome, juu kumevimba chini kwembamba, kama kidole kilichovalishwa pete ya mtoto. Hamisi kaukata kwa wembe, wima, taratibu kama anamtoa mtu mwiba. Mpaka leo pana mfereji ukucha unaingia.

Halafu cheka sasa. Chini ya pale pana kitawi kilikuwa kimechipua, kimenyooka, majani yanang'aa, mimi nampigia kila mtu picha kwamba mwembe umechangamka. Kumbe kile ni cha shina la kienyeji, lile lililobebeshwa dodo yetu! Kingeachwa kingenyonya chakula chote, dodo ife kimya kimya, halafu baada ya miaka tuje tule viembe vya nyuzi tujiulize tuliibiwa wapi. Hamisi kakinyofoa kwa mkono. Na kashada ka maua kalikotoka kaniambia nikatoe, mti bado mtoto, uote mizizi kwanza. Hapo niliumia kweli, nimekakata nimegeuza uso.

Wiki ya tatu sasa, jana nimeona majani mapya, yale mekundu mekundu malaini kama sikio la kichanga. Sitaki kujisifia mapema. Hata picha sijapiga.

Sasa wako vipi? Utepe uliutoa au na wewe uliacha kama mimi? Chini ya pale hapajachipua kitu? Ule mfuko mweusi si uliuchana kabla ya kufukia, maana wewe siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda kwenye kitchen party ya Rehema? Na huko kwenu mfinyanzi, maji hayatuami shimoni? Ukienda kuangalia usitumie kisu cha jikoni, chukua wembe mpya. Halafu Jumamosi unakuja au bado umenuna? Ukija nibebee pumba za mpunga kiroba kimoja, huku wanauza bei ya mchele.

Wako,
Mwanaidi