Ndege ya Helios haikutunguliwa

Mhariri,

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, kijana alituonyesha simuni eti jeshi la Ugiriki liliitungua ndege ya abiria ya Helios, shirika la ndege la Cyprus. Wazee wakaamini, vikombe vya kahawa mkononi. Iliniuma sana.

Agosti 14, 2005 ndege mbili za kivita, F-16, ziliifuata ndege hiyo kwa kuwa haikujibu redio. Marubani wa F-16 waliona kiti cha rubani mkuu kitupu, msaidizi wake ameinamia mbele, vinyago vya oksijeni vinaning'inia. Swichi ya kudhibiti mgandamizo wa hewa ndani ya ndege ilikuwa imeachwa vibaya, oksijeni ikapungua, watu wakazimia. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, wakafa wote 121.

Ndege ya kivita huja kwanza kuchungulia, hutikisa mbawa, ishara ya kusema: nifuate. Tafadhali mtuandikie haya, kijana yule ayasome.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga