Barua kwa rafiki yangu winga

Wigan, Uingereza

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma asubuhi nikitoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua. Unasema klabu ya raga ya 13, ile ya wachezaji 13 kila upande, huku kaskazini inakutaka, lakini roho yako ingali kwa ile klabu ya raga ya 15 uliyoipenda tangu utotoni, na mwaka wa tatu huu haijakuita. Usingizi ulinipaa. Nikatoka hadi Believe Square, hapa katikati ya mji, penye sanamu ya Billy Boston. Nataka nikusimulie habari zake, maana ni winga mwenzako.

Alizaliwa 1934 Tiger Bay, mtaa wa bandarini Cardiff, Wales. Baba alitoka Sierra Leone, mama alikuwa na asili ya Ireland, na nyumbani walikuwa watoto 11. Mtaa wenyewe ungeupenda: Wasomali, Wayemeni, watu wa Karibi, kila meli iliacha mtu wake. Kijana alikuwa na ndoto moja, achezee Cardiff, kisha Wales, raga ya 15. Klabu ya Cardiff haikumwita. Wengi huku wanasema wazi kwamba sababu ni rangi yake, nami nawaamini.

Mwaka 1953, akiwa bado jeshini, klabu ya Wigan ya raga ya 13 wakaja kwao na pesa. Inasimuliwa kwamba walianza na pauni 1,000, mama akataja 3,000 ili wakate tamaa waende zao. Wakakubali. Sasa elewa uzito wa sahihi ile. Raga ya 15 ilikuwa ya ridhaa, na aliyekwenda kulipwa kwenye raga ya 13 alifungiwa maisha. Jezi ya Wales aliiaga siku hiyohiyo. Wewe hutakutana na mlango huo. Raga ya 15 nayo iliruhusu malipo 1995.

Alikuwa amechezea Wigan mechi sita tu alipochaguliwa kwenda na timu ya Uingereza Australia na New Zealand, 1954, mtu mweusi wa kwanza katika ziara hiyo. Alikuwa na miaka 19. Akafunga trai 36, yaani mara 36 aliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Kwa Wigan pekee alicheza mechi 488, akafunga trai 478. Rudia kusoma hapo, ndugu yangu.

Wewe waujua upweke wa winga: unakaa muda mrefu bila mpira, halafu unaupata ukiwa na mita tano kati ya mstari wa chaki wa pembeni na mtu wa kilo mia. Boston alikuwa na mbio, lakini alikuwa pia na mwili, kwa hiyo mtu akimzibia njia alimpitia. Mzee mmoja ninayemhudumia wodini alimwona utotoni. Anasema uwanja ulianza kunguruma kabla mpira haujamfikia. Akilisema hilo mikono yake hutulia.

Jambo linaloniuma ni la 1957. Baada ya Kombe la Dunia Australia, timu ilipitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho. Kwa sheria za ubaguzi za kule, Boston hakwenda. Wenzake wakaenda, yeye akarudi nyumbani.

Cardiff ilimsimamishia sanamu 2023, pamoja na Gus Risman na Clive Sullivan, winga mwingine wa Cardiff. Juni 2025 Boston, akiwa na miaka 90, alipewa na Mfalme Charles cheo cha heshima cha Sir, mchezaji wa kwanza wa raga ya 13 kukipata. Mchezo huu ulianza 1895! Nilifurahi, nikakasirika papo hapo.

Kuhusu mchezo wenyewe: mkikabwa mara sita mpira unahamia kwa wapinzani, na hakuna kurusha mpira kutoka pembeni. Winga wa siku hizi hutumwa kubeba mpira kutoka nyuma kabisa, tena na tena, kuwaingia wanaume wanaomkimbilia. Lile bega lako limepona kweli? Nijibu bila kunificha.

Ukija nina chumba, na basi la uwanjani linapita mlangoni.

Nisalimie Mama sana. Umeniandikia kurasa tatu na hukunitajia yeye anasemaje, wala hao wa klabu wamekutajia kiasi gani. Usitie sahihi kabla hajaisikia hesabu hiyo.

Ndugu yako,
wa Wigan