Nyayo za Qumul: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotunga kwa Kiswahili

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam aleikum, na asiyesalimiwa hivyo kwao nampa mkono wa heri vilevile.

Mwezi uliopita mlinialika katika kikao chenu cha mashairi, mkanikalisha mbele karibu na feni, na nawashukuru kwa heshima hiyo. Usiku ule mmoja wenu alisoma shairi la Abdurehim Ötkür, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Kiuighuri (Wauighuri ni watu Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China), kwa tafsiri aliyoifanya mwenyewe kutoka Kiingereza, na ukumbi ukarindima kwa makofi. Kabla ya kahawa kwisha, mistari ile ilikuwa imeshageuzwa kaulimbiu, na kijana mmoja akasema ataichapisha kwenye fulana. Sikutia neno, kwa sababu mgeni haharibu sherehe ya wenyeji. Lakini nimekuwa mwalimu kwa miaka thelathini na sita, na ugonjwa wa ualimu hauponi kwa kustaafu.

Shairi lenyewe linaitwa "Iz", yaani alama anayoiacha mpitaji ardhini. Nyayo, tungesema sisi, ingawa kwetu Kenya neno hilo lilitumiwa na siasa hadi likachoka. Linasimulia msafara uliong'oa nanga ya safari ukiwa na watu wachache, tena vijana, na sasa wajukuu wao wamefikia umri wa kupanda farasi. Farasi wamekonda, upepo unahamisha mchanga, na hata hivyo msemaji anashikilia kwamba nyayo hazitafukika, na kwamba ipo siku mjukuu, au kitukuu, atazikuta. Safari katika Kiuighuri ni seper, neno lililotoka katika shina lilelile la Kiarabu lililotupa sisi safari, kwa hiyo Mswahili akisomewa shairi hilo katika lugha yake ya asili atashtuka kusikia jamaa yake ndani yake.

Sasa nawauliza: ni nyayo za nani?

Ötkür alizaliwa mwaka 1923 huko Qumul, mashariki mwa eneo la China linaloitwa leo Xinjiang, mji ambao Wachina wanauita Hami na ambao sifa yake hadi masoko ya mbali ni matikiti yake matamu. Mwaka 1912, wakulima wa huko waliasi. Walikuwa chini ya mfalme wa kurithi aliyewatumikisha siku kadhaa za kila mwezi katika mashamba yake pasipo ujira, na kiongozi wao alikuwa mtu wa milimani aitwaye Tömür Khelpe. Alishawishiwa ashuke Ürümchi, makao makuu ya eneo hilo, kwa ahadi za gavana, akashuka, na mwaka 1913 akauawa. Hesabuni wenyewe: aliyekuwa na miaka 20 wakati wa maasi hayo alikuwa na miaka 31 tu Ötkür alipozaliwa. Mtoto yule alikulia mahali ambapo walioshika silaha, waliowaficha na waliowasaliti bado walikuwa wakikutana njiani.

Habari za watu hao ndizo alizozifanya riwaya, nayo pia akaiita Iz. Ilitoka mwaka 1985, mwandishi akiwa na miaka 62, na shairi mlilolipigia makofi limewekwa mbele yake kama mlango mbele ya nyumba. Riwaya iliyofuata, Oyghanghan Zemin, yaani nchi iliyoamka, iliendeleza kisa hadi misukosuko ya miaka ya 1930, wakati ufalme wa Qumul ulipofutwa na vita vikalipuka upya. Nyinyi mmesimama mlangoni, wanangu, mnausifu uchongaji wake, na sikumsikia hata mmoja akiuliza ndani mna nini. Sisemi kwamba kosa lote ni lenu, kwa kuwa riwaya hizo si rahisi kupatikana kwa lugha tunazozisoma, lakini kuuliza hakuna gharama.

Jambo la pili ni subira. Diwani yake ya mapema, Tarim Boyliri, ilitoka mwaka 1948. Shairi lake refu la masimulizi juu ya Kashgar, mji wa kale wa Wauighuri, Qeshqer Kéchisi, lilitoka mwaka 1980. Kati ya vitabu hivyo viwili ipo miaka 32, na ndani ya miaka hiyo yapo Mapinduzi ya Utamaduni ya China, ile misukosuko ya zama za Mao, ambapo mwandishi wa lugha yake hakuwa na hakika ya kesho yake, sembuse ya kitabu chake. Mtu aliyenyimwa muda mrefu kiasi hicho angeweza kurudi na hasira tupu. Yeye alirudi na watu wa mwaka 1912, kila mmoja na sura yake, wakiwemo waoga na wasaliti. Mimi naamini ukimya ule ulimpa nafasi ya kuwapima watu hao kwa mizani ya haki, ingawa simtakii mtunzi yeyote shule ya namna hiyo. Na nyinyi mtu akikaa wiki mbili bila kusifiwa anatangaza kwamba ameacha utunzi.

Yapo pia mengine ambayo hayasomwi katika vikao. Ötkür alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitia Qutadghu Bilig katika Kiuighuri cha leo, toleo lililotoka mwaka 1984. Huo ni utungo mkubwa ambao Yusuf Khass Hajib aliukamilisha Kashgar karibu mwaka 1069, wenye beti za mistari miwili zaidi ya 6,000. Fikirieni mshairi mwenye jina lake, anainama juu ya maneno ya miaka mia tisa, anajadiliana na wenzake juu ya maana ya neno moja, na mwisho wa yote sifa inamwendea marehemu Yusuf. Nadhani hapo ndipo alipopata lugha ya kuandikia riwaya.

Nami nina aibu ya kuwaambia. Marehemu bibi yangu aliacha kasha la mvule, na ndani yake mna karatasi zilizofungwa kwa kitambaa cha kanga, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kutu. Kwa miaka mingi nyumbani tulizibusu na kuzirudisha kwa kudhani ni Kurani. Mjukuu wangu ndiye aliyekaa nazo, akasoma herufi moja moja kwa kidole, kisha akaniita: "Babu, hiki ni Kiswahili." Ulikuwa utenzi, na pembeni bibi ameandika hesabu ya nazi. Nilifundisha fasihi ya Kiswahili miaka yote hiyo, na kasha liko hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Wauighuri nao walibadilishiwa hati: herufi za Kilatini zikaletwa katika miaka ya 1960, kisha mwaka 1982 wakarudishiwa hati ya Kiarabu iliyofanyiwa marekebisho, hata mtoto na mzazi wakawa hawasomi barua moja. Wao waliamriwa. Mimi nani aliniamuru nisilifungue kasha?

Ötkür alifariki Ürümchi mwaka 1995. Baadhi ya waliokuja baada yake hawakupata kifo cha kitandani wala maisha ya nyumbani. Yalqun Rozi, mhakiki aliyeshiriki kutayarisha vitabu vya fasihi vya shule, alikamatwa mwaka 2016 na akahukumiwa miaka 15. Rahile Dawut, profesa aliyezunguka vijijini kukusanya visa na kuandika habari za makaburi ya mawalii, alitoweka mwishoni mwa 2017, na mwaka 2023 ikathibitishwa kwamba amefungwa maisha. Tazameni kazi ya mama huyo: kukaa na vikongwe na kuandika wanayosema. Kwenu kazi hiyo haina hatari yoyote, na bado haifanywi.

Kwa hiyo fulana zisubiri. Kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja aliyemzidi miaka arubaini, asimpelekee kipaza sauti siku ya kwanza, ampelekee sukari na muda. Aandike anachoambiwa kama kilivyoambiwa, lahaja ikiwa ya Kimvita, Kiamu au Kitikuu aiache ilivyo, kisha akihifadhi, asikitungie shairi kabla ya mwaka kupita. Na anayejua hati za Kiarabu, au yuko tayari kujifunza, aje kwangu Jumamosi baada ya alasiri. Kasha nimeshalitoa barazani, na mjukuu wangu amefika ukurasa wa nne.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Mombasa