Uzi wa hariri kutoka jikoni kwangu

Murang'a, 12 Agosti

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku bara, shoga yangu. Sisi hatujambo, ila baridi imetukaba.

Humu ndani nimekuwekea mafungu mawili madogo ya uzi. Yafungue taratibu, ni hariri, na nimeizungusha mwenyewe jikoni. Kule arusini uliniuliza wale viwavi wananisaidia nini, nikakosa la kusema.

Nimewalisha majani ya mforosadi karibu mwezi mzima. Walipojifungia kwenye vifukofuko sikungoja nondo watoke, kwa sababu nondo akitoboa, uzi unakatikakatika, na kifukofuko kizima ni uzi mmoja tu, wa mita mia kadhaa. Niliwaua kwa mvuke. Iliniuma, sikufichi.

Fungu la kwanza la vifukofuko liliharibika lote. Niliacha maji yatokote, gundi inayoshikanisha uzi wa kifukofuko ikalainika kupita kiasi, uzi ukatoka mabonge kama pamba iliyolowa. Nililia. Mara ya pili nikapunguza makaa, maji yakawa ya moto sana lakini yametulia. Nikachukua chelewa chache za ule ufagio ulionipa, nikapapasa vifukofuko polepole. Kwanza zinashika nyuzi za juu, ovyo ovyo. Unavuta, unatupa, mpaka kila kifukofuko kibaki na uzi mmoja safi. Hapo usiharakishe hata kidogo.

Nikakusanya nyuzi 8, nikazipitisha kwenye tundu la kifungo cha shati nilichokipigilia kwenye ubao, nikaanza kuzungusha fremu. Laiti ungeona! Vifukofuko vinacheza majini, vinazidi kuwa vyembamba, mpaka unamwona bundo, yule kiwavi aliyekuwa akigeuka nondo, ndani kama kivuli nyuma ya karatasi. Kimoja kikiisha, unarushia ncha ya kingine kwenye uzi unaokwenda. Gundi yake yenyewe inaunasa. Mabundo wameliwa na kuku.

Fungu lililofungwa kwa utepe mwekundu ni la hivyo hivyo, kakamavu, bado lina gundi. La pili nimelichemsha na sabuni ya kipande karibu saa nzima. Limepungua uzito, lakini lishike uone ulaini wake na mng'ao wake.

Lijaribu kwenye kofia unayoshona, uniambie kama linapita kwenye tundu za sindano bila kukwaruza.

Wako,
Wanjiru