Usianzie kwenye Injini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba umechukuliwa kwenye kikosi cha kuunda gari la majaribio: gari dogo la milango mitano, litiwe turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), kisha litolewe kama toleo maalumu. Umeniuliza ningeanzia wapi. Nakujibu bila kuzunguka: si kwenye injini.

Najua wenzako wameshaikimbilia. Lakini gari dogo limepigiwa hesabu kwa nguvu yake ndogo: upana wa diski, unene wa shafti zinazozungusha magurudumu, ukubwa wa rejeta, hata nafasi ya hewa kupita chini ya boneti. Ukiongeza nguvu, kila kimoja kitadai chake, na breki ndizo za kwanza kudai. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu mara mbili ya lile la kilomita 100, na ukikanyaga breki sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka joto kwenye diski mbili za mbele. Kwa hiyo, kabla turbo haijafungwa, lipelekeni kwenye kiwanja cha majaribio, mlisimamishe kwa nguvu mara nyingi mfululizo. Pedali ikianza kulegea na kuzama, na harufu ya pedi zilizoungua ikaingia ndani, jibu mmelipata.

John Cooper, mjenzi wa magari ya mbio wa Uingereza, alilielewa hili mapema. Mini Cooper ya 1961 ilipanda kutoka sentimita za ujazo 848 hadi 997, na kutoka nguvu za farasi 34 hadi 55, lakini pamoja na injini hiyo zilikuja breki za diski mbele badala ya dramu. Alec Issigonis, aliyeibuni Mini kama gari la watu wa kawaida, hakuvutiwa na wazo la kuigeuza ya mbio. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk akashinda mbio za magari za Monte Carlo kwa Cooper S, toleo kali zaidi la gari hilo, nyuma yake ikiwamo Ford Falcon yenye injini kubwa ya V8.

Ila gari ninalotaka mlichunguze hasa ni Golf GTI ya kwanza, kwa sababu walioliunda walikuwa katika hali kama yenu: watu wachache, bila baraka kamili za wakubwa. Mwaka 1973 Alfons Löwenberg, mhandisi wa majaribio wa Volkswagen, alipendekeza kampuni iwe na gari la michezo. Kikajikusanya kikundi kidogo, akiwamo Anton Konrad wa idara ya habari, wakafanya kazi kimyakimya. Gari lao la mwanzo la majaribio, lililojengwa juu ya Scirocco, gari jingine la Volkswagen, lilikuwa kali na lenye kelele kupita kiasi. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Walilipunguza makali, likawa gari ambalo mtu angeweza kwenda nalo kazini kila siku bila kuchoka. Kilichoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1975 kilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na uzito wa kilo 800 na kidogo tu. Springi zilikuwa zimeshushwa, na diski za mbele zilikuwa za kupitisha hewa katikati. Mpango ulikuwa magari 5,000. Ya kizazi hicho cha kwanza yaliuzwa zaidi ya 460,000.

Kuhusu mapambo ya toleo maalumu, usiyadharau kama wanavyofanya mafundi wengi. Mstari mwekundu kuzunguka grili, kitambaa cha mirabaraba kwenye viti na kishikio cha gia chenye umbo la mpira wa gofu: vingi vya hivyo vilitoka kwa Gunhild Liljequist, mbunifu wa Volkswagen, na hadi leo mtu akiona mstari ule anajua anaangalia gari gani. Mapambo yale yalidumu kwa kuwa gari chini yake lilikuwa la kweli. Rangi mpya na nembo juu ya gari lisilobadilika ni kumvisha mtu sare ya jeshi asilolitumikia.

Mkitaka kuona upande wa pili kabisa, tazameni Golf GTI W12-650 ya 2007: injini ya silinda 12 ya lita 6 nyuma ya viti vya mbele, farasi 650. Ni kazi ya ajabu na ninaipenda, lakini viti vya nyuma vilitoweka.

Sasa, lenu ni la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, basi jiandaeni kwa usukani unaojivuta. Mara nyingi giaboksi hukaa upande mmoja, hivyo shafti moja huwa fupi na nyingine ndefu. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, usukani unavutwa upande. Msikimbilie difu ya kuzuia tairi moja lisizunguke bure, maana hiyo inaweza kuuzidisha mvuto wenyewe. Kwanza sawazisheni shafti kwa kuweka shafti ya katikati yenye beringi yake, kisha mpangilie kompyuta ya injini ipunguze msukumo wa turbo kwenye gia ya kwanza na ya pili. Dereva hatahisi amenyimwa kitu, kwani kwenye gia hizo tairi za mbele zingeteleza tu.

Niandikie uzito wa gari kama lilivyo leo, mbele na nyuma kando kando, kila gurudumu likiwa kwenye mizani yake, tangi likiwa nusu na dereva akiwa ameketi. Nitumie pia kipenyo cha diski na saizi ya tairi mlizofikiria. Nikizipata nitakaa nikupigie hesabu za springi, nikutumie kabla hamjaagiza chochote.

Wasalimie wenzako wote.

Nduguyo wa gereji