Risala ya wazazi kwa mgeni rasmi: habari za watoto zitufuate mpaka shamba

Mheshimiwa mgeni rasmi mkuu wetu wa wilaya, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule na walimu wote, mheshimiwa diwani, wazee wetu mliokaa turubai la kushoto, wazazi wenzangu, na nyie wahitimu wa kidato cha nne mliopendeza hapo mbele na majoho ya kukodi, shikamooni wanaostahili shikamoo na wengine habari za mchana.

Mimi ni mzazi tu, nina mmoja hapo mbele kwenye majoho na mwingine yupo kidato cha pili. Wenzangu walivonichagua nisome risala wakaniambia kabisa usiende kuomba madawati, habari ya maabara na matundu ya vyoo mkuu wa shule ameshaisoma na takwimu zake kaziweka zote, sisi tuna letu moja. Na letu ni hili mheshimiwa: wazazi wa bonde hili la Kilombero habari za watoto wetu tunazipata kwa kuchelewa, na zikifika zinakuwa za aina mbili tu, mtoto kafanya kosa au kuna hela inatakiwa.

Wewe umehamia kwetu juzi juzi kwa iyo naomba nikueleze tunavoishi. Wengi wetu hapa ni wakulima wa mpunga. Mvua zikikolea Desemba na Januari familia zinahama, baba na mama wanabeba sufuria, chandarua na kuku wanaenda kukaa huko huko shamba, wengine mpaka ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, tunalala kwenye vibanda maana ukisema urudi nyumbani kila siku shamba huliwezi. Tunapanda, tunapalilia, alafu mpunga ukitoa masuke ndo kazi yenyewe inaanza, kuamia ndege, kuanzia alfajiri mpaka giza upo juu ya dungu unapiga makelele, na kwelea kwelea hawana Jumapili. Kuvuna ni Mei, Juni, mwingine mpaka Julai. Sasa angalia kalenda ya shule, muhula wa kwanza unafunguliwa Januari unafungwa Juni. Yani muhula mzima mzazi hayupo nyumbani, yupo shamba, na mtoto kabaki kijijini na wadogo zake au amepanga geto karibu na shule.

Alafu mkutano wa wazazi unaitishwa Machi. Jumatano. Saa nne asubuhi. Barua anapewa mtoto, mtoto atampa nani? Siku inafika wanakuja wazazi wachache wenye maduka hapa senta na wastaafu wawili watatu, kinaandikwa kwenye muhtasari kwamba wazazi wa huku hawana mwamko wa elimu, muhtasari unaenda kata, unaenda wilayani, na wewe mheshimiwa nadhani umeshausoma. Lile neno mwamko tumelisikia mpaka tumelizoea. Ila mtu anayeuza gunia la mpunga likiwa bado shambani, kwa bei ya kuumia, ili mtoto apate sare na madaftari, huyo naye hana mwamko?

Sitaki nionekane nalaumu walimu tu, sisi wenyewe tuna makosa yetu na nitayasema. Ilipoanza elimu bila ada mwaka 2016 wengi wetu tuliondoka moja kwa moja, tukaona mtoto sasa ni wa serikali. Waraka wenyewe ulieleza kwamba mzazi bado ana sehemu yake, sare, madaftari, chakula cha mtoto wa shule ya kutwa, lakini nani alitusomea? Tuliusikia kwenye redio nusu, nusu nyingine tukajazia wenyewe. Mwalimu akiita kikao tunajua tunaenda kuchangishwa, tunakimbia, na yeye akiona tumekimbia anaacha kuita mpaka awe na shida ya hela kweli, basi inakuwa hivo miaka yote.

Kwenye hilo pengo mheshimiwa wakaingia watu wengine. Naomba niseme hapa mbele ya wahitimu na najua wanacheka, wazazi wa kukodi. Mtoto akiambiwa aje na mzazi, anaenda kijiwe cha bodaboda anampa kijana hela ya vocha, kijana anavaa shati la mikono mirefu anakuja ofisini kama mjomba, anasikitika pale, anamgombeza mtoto mbele ya mwalimu vizuri kabisa kuliko hata baba angemgombeza, anasaini daftari, kesi imeisha. Na namba za simu ndo hivo hivo. Kuna mwalimu wa darasa alipiga namba ya baba wa mwanafunzi, baba akapokea, sauti inavunjika vunjika, kumbe baba yupo kidato cha tatu B. Ripoti za mwisho wa muhula zilikuwa zinapewa mtoto mkononi ampelekee mzazi akasaini, na zikirudi zote zimesainiwa, wazazi tuliokuja kuziona baadae hatuzijui hizo saini ni za nani.

Tukicheka tukimaliza kuna lingine halichekeshi. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, sitamtaja, kila siku anachelewa. Anachapwa, anafagia, anachelewa tena. Ilichukua karibu muhula mzima ndo mwalimu wa malezi akamfuata nyumbani akakuta huyu binti ndo mama wa pale, ana wadogo watatu wa shule ya msingi, anaamka usiku anachota maji anapika uji anawapeleka wadogo ndo na yeye aje. Mwalimu hakujua kwamba wazazi wako shamba, na wazazi hawakujua kwamba mtoto anaadhibiwa kwa kuchelewa, wao walifikiri anasoma tu. Mtu mmoja angetoa taarifa upande wowote ule, isingefika kule. Ndo maana nasema habari ziende na zirudi, shule na sisi tuiambie mambo ya nyumbani, Januari kabla ya kuhama mzazi apite kwa mwalimu wa darasa aseme mimi naondoka, mtoto anabaki na fulani, jirani yangu ni huyu, simu yake hii.

Na hicho tumeanza kukifanya. Tangu mwaka jana mwanafunzi anaposajiliwa mzazi anaacha namba mbili, yake na ya jirani, na mwalimu anaipiga pale pale simu ikilia mfukoni kwa mzazi ndo inaandikwa. Vijana wa kijiweni biashara imeyumba kidogo.

Tukaanzisha na magrupu ya wasapu, kila kidato na grupu lake, hapo nako tulijifunza. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, wiki ya pili ni sala za asubuhi, video za kuforwadi, matangazo ya vitenge, mtu anaweka siasa, tangazo la mtihani la mwalimu limezama huko juu hakuna aliyeliona. Admini akafunga grupu wanaandika walimu tu, wazazi nao wakanuna kwamba hawana pa kusemea. Sasa ivi yapo mawili, moja la taarifa tu, mwalimu wa darasa anaandika Ijumaa jioni nani hajaonekana wiki hii, mtihani wa majaribio lini, nani kafanya vizuri. Hilo la nani kafanya vizuri tuliliomba sisi na tunashukuru walimu walikubali, maana wapo wazazi ilikuwa mara yao ya kwanza shule kuwaita wakasikia kitu kizuri, kuna mzee alienda kuomba asomewe ile meseji mara mbili. Grupu la pili ni letu wenyewe, vitenge viendelee huko.

Lakini wasapu ni ya wenye simu janja na bando. Wengi wetu tuna vitochi. Na huko shamba hata kitochi mtandao unaushika ukipanda juu ya kichuguu. Kwa iyo kila ukanda wa mashamba tumechagua mzazi mmoja, Jumamosi anapanda kichuguu chake anapokea meseji za kawaida kutoka kwa mwalimu alafu anazungusha kwa watu, na zile zinazoshindikana tunawapa madereva wa pawatila, vile vitrekta vidogo, na madalali wanaokuja kuangalia mpunga. Matangazo makubwa yanasomwa msikitini na kanisani.

Kubwa kuliko yote, Mei mwaka huu walimu walitufuata. Mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na walimu wa darasa walikuja Jumapili baada ya ibada, tukakaa chini ya mwembe pale kwenye mashine ya kukoboa, kila mzazi akapewa ripoti ya mtoto wake mkononi akaelezwa huyu hesabu zinamshinda, huyu kiingereza kimepanda. Mheshimiwa, watu walijaa mpaka wengine walikaa kwenye magunia. Na siku hiyo hiyo, bila mtu kulazimishwa, likaja suala la chakula cha mchana ambalo limekuwa linatushinda kila Januari, kwa sababu Januari mkulima hana kitu, hela yote imeenda kwenye trekta na mbegu. Tukakubaliana tutoe mpunga wakati wa kuvuna, debe kwa debe, na maharage, kibali kikafuatwa kwa mkurugenzi kama utaratibu unavotaka, na watoto wanakula tangu Julai. Hakuna mwaka tuliwahi kukubaliana kitu kama hicho kwenye mkutano wa Jumatano.

Kuna habari nyingine kubwa kubwa zinazotupita. Serikali ilivoruhusu Novemba 2021 mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule, kuna mama mwenzetu alikuja kusikia wakati bintiye keshaolewa. Tahasusi, yani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, sasa ni 65, zamani zilikuwa 16, na sisi wengi tunajua PCB ya fizikia, kemia na baiolojia na HKL ya historia, kiswahili na kiingereza tu, mtoto anajaza machaguo yake peke yake simu ya rafiki yake. Sekondari kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, wa mafunzo ya ufundi na kazi, mzazi akisikia amali anadhani ni wa waliofeli, hajaelezwa kwamba mtoto anatoka na fani. Na mwaka 2028, kwa kuwa mtaala mpya msingi inaishia darasa la sita, darasa la saba na darasa la sita wanaingia kidato cha kwanza pamoja, hilo jambo tunatakiwa tulijue sasa ivi tuanze kufyatua matofali ya madarasa, tusije tukaambiwa Desemba 2027.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu hayana gharama sana ila moja.

La kwanza tunaomba utusemee kwa mkurugenzi na afisa elimu sekondari, mkutano mkuu wa wazazi kwa shule za bonde hili uwe kabla hatujahama, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na wa pili walimu watufuate shamba kama walivofanya Mei, na iwekwe kwenye ratiba ya shule isitegemee moyo wa mkuu aliyepo, maana huyu akihamishwa na tunasikia tetesi, akija mwingine tunaanza upya. Mafuta ya pikipiki za walimu siku hiyo sisi wazazi tutachangia, tumeshasemezana.

La pili ni mnara. Mfuko wa mawasiliano kwa wote tunasikia unajenga minara vijijini, tunaomba jina la ukanda wetu wa mashamba lifike huko, watu wanaoishi kule nusu mwaka ni wengi kuliko wanaobaki senta.

La tatu ndo lenye gharama, hosteli ya wasichana. Nguvu za wananchi zimeifikisha kwenye lenta, pale juu ya milango na madirisha, na tulikubaliana tukifika lenta serikali inaezeka. Imepigwa mvua msimu mmoja tayari. Mabinti waliopanga mageto wakati sisi tupo shamba ndo tunaowaza usiku, sihitaji kueleza zaidi mbele ya watoto.

Kwa wahitimu, mtihani wenu ni Novemba, na safari hii namba zenu za mtihani tunazo, matokeo yakitoka tutayaangalia wenyewe, mtu asituambie intaneti ilikuwa inasumbua.

Mheshimiwa, hosteli ipo hapo nyuma ya darasa la kidato cha pili, mafundi na wazee wa kamati ya ujenzi wanakusubiri, ukimaliza kugawa vyeti tunaomba upite uione kabla hujapanda gari. Baada ya hapo kuna wali na kuku, mchele ni wa hapa hapa.

Naomba kuwasilisha.